Kuandika Kiswahili kwa herufi za Kiarabu kwenye kompyuta: kibodi mpya ya nini?

Maalim mmoja wa Wete, Pemba, ameuliza hivi:

"Assalaam alaykum. Nasomesha chuo cha Kurani, na nyumbani tuna daftari la tenzi la babu yetu. Kaandika Kiswahili kwa herufi za Kiarabu, kwa mkono wake, na karatasi sasa zinamong'onyoka. Nataka kulinakili kwenye laptopu. Laptopu yenyewe ina herufi za Kizungu tu. Kijana mmoja alinitilia Kiarabu, nikawa naandika, lakini herufi za p, v, ch na ng' sizioni popote. Nikipeleka kazi kuprinti, mara herufi zinatoka moja moja hazikushikana, mara vinatoka vijisanduku vitupu. Nimeambiwa dawa yake ni kununua kibodi ya Kiarabu. Ninunue? Na binti yangu yuko mapokezi kwenye hoteli Nungwi, anauliza vile vialama vya majina ya Wataliani anavipata vipi."

Waalaykumu ssalaam, Maalim. Usinunue. Aliyekupa ushauri huo alikutakia kheri, lakini kibodi haijui herufi hata moja. Ukibonyeza kitufe cha Q, inachopeleka ndani ya kompyuta ni habari tu kwamba kitufe cha mahali fulani kimebonyezwa. Windows ndiyo inayoamua kitufe hicho kitoe q au kitoe ض. Kibodi ya Kiarabu ya dukani ni hiyo hiyo uliyo nayo, ila imechorwa maandishi mengine juu ya vitufe. Kama unataka kuona herufi ziko wapi, karatasi ya vibandiko inatosha. Au shika kitufe cha Windows pamoja na Ctrl, ubonyeze O: itafunguka kibodi ya kwenye skrini, na kila ukibadilisha lugha nayo inabadilika. Iache wazi pembeni mpaka vidole vizoee.

Hapa inafaa tutenganishe mambo matatu, maana matatizo yako yote yanatokana na kuyachanganya: kitufe, herufi, na umbo. Kitufe nimeshakisema. Herufi, kwa kompyuta, ni namba. Tangu mwaka 1991 upo mpango mmoja wa dunia nzima unaoitwa Unicode, ambao karibu kila herufi ya kila lugha imepewa namba yake humo. Herufi ب ni 0628 kwenye laptopu yako, kwenye simu ya binti yako na kwenye kompyuta ya mwenye duka la kuprinti. Namba hizi huchanganya tarakimu na herufi A mpaka F, usishangae ukikuta 067E. Umbo ni kazi ya fonti. Herufi ni mtu, fonti ni nguo yake: akibadilisha kanzu hawi mtu mwengine, na kama fonti haina nguo ya kumvisha mtu huyo, ndipo unapokiona kisanduku. Kwa hiyo kila jambo likienda kombo, jiulize kwanza limeharibika wapi katika matatu haya. Nusu ya kazi imekwisha hapo.

Tuanze na Kiarabu cha kawaida, nipite haraka maana kijana keshakutilia. Kama utabadilisha kompyuta, fungua Settings, ingia Time & language, kisha Language, ubonyeze Add a language, uchague Kiarabu. Utaona orodha ndefu ya nchi. Chagua Oman, utapewa mpangilio wa vitufe unaoitwa Arabic 101, ambao ndio niutumiao hapa chini. Vitu vya ziada kama sauti na kutambua mwandiko vitolee alama, vitakula bando bure. Kutoka lugha moja kwenda nyengine, shika kitufe cha Windows ubonyeze spesi.

Irabu nyingi ziko chini ya Shift, na watu wengi wanaoandika Kiarabu kila siku hawazijui kwa sababu hawazihitaji. Wewe utazihitaji kila neno. Shift na Q ni fat-ha, Shift na A ni kasra, Shift na E ni dhumma, Shift na X ni sukuni. Shadda iko kwenye kile kitufe cha juu kabisa kushoto, kabla ya 1, pamoja na Shift. Andika herufi kwanza, irabu ifuate. Shift na J itakupa mstari wa kurefusha, ule wa kuvuta neno lijae msitari, usiutumie. Ni herufi yenye namba yake, na ukishauingiza katikati ya neno, siku ukilitafuta neno hilo kompyuta inaweza kukwambia halipo.

Sasa p, v, ch na ng'. Huzioni kwa sababu mpangilio wa Arabic 101 umetengenezwa kwa ajili ya Waarabu, nao hawana haja nazo. Lakini namba zao zipo: پ ni 067E, چ ni 0686, ڤ ni 06A4, گ, ya sauti ya g, ni 06AF, na ڠ, ain yenye nukta tatu juu, ni 06A0. Hii ya mwisho Wamalay wanaitumia kwa sauti ile ile ya ng' katika khati yao ya Kijawi. Ila ukikuta maandishi ya Kimalay usiyaige yote, maana ڤ kwao ni p, si v.

Kama unataka herufi hizo leo hii bila kuongeza kitu chochote, ukiwa ndani ya Word rudi kwenye Kizungu, andika 067E, na hapo hapo, bila kuacha nafasi, bonyeza Alt na X pamoja. Namba itageuka پ mbele ya macho yako. LibreOffice nayo inafanya hivyo hivyo. Njia hii inafaa kwa neno moja au mawili. Kwa daftari zima utachoka kabla ya beti ya tatu. Simu ni nyepesi zaidi: kwenye kibodi nyingi za Kiarabu za simu ukishikilia ب kidogo inatokea پ, ukishikilia ج inatokea چ, ukishikilia ف inatokea ڤ. Unaweza kuandika beti kwenye simu ukajitumia kwenye kompyuta, na kwa kuwa namba ni zile zile, hakiharibiki kitu.

Kuna njia ya tatu ambayo utaisikia sana, nami nakuomba uiepuke. Watakwambia weka kibodi ya Kifarsi, maana Wafarsi wanazo پ, چ na گ. Ni kweli wanazo. Lakini kafu yao na yaa yao si zako. Kafu ya Kiarabu, ك, ni 0643, ya Kifarsi, ک, ni 06A9. Yaa ya Kiarabu, ي, ni 064A, ya Kifarsi, ی, ni 06CC. Katikati ya neno yaa hizo mbili zinafanana kabisa, jicho halizitambui; mwishoni ndipo ile ya Kifarsi inapopoteza nukta. Ukichanganya kibodi mbili, daftari lako litakuwa na yaa za aina mbili, na ukitafuta neno utapata nusu yake tu. Nimeona kazi ya kurasa nyingi iliyoharibika hivi, na kuisafisha ni adhabu.

Ninachokushauri ni kutengeneza mpangilio wako mwenyewe, mara moja, uishi nao. Microsoft wana programu ya bure inayoitwa Microsoft Keyboard Layout Creator. Ifungue, nenda File, kisha Load Existing Keyboard, uchague Arabic (101), ili usianze kutoka sifuri. Kushoto kuna visanduku vya kutia alama. Tia alama kwenye Alt+Ctrl. Hapo vitufe vitakuwa karibu vyote vitupu, maana Waarabu hawatumii Alt ya mkono wa kulia. Hiyo ndiyo nafasi yetu. Bonyeza kitufe chenye ب, yaani F, uandike U+067E. Kwenye ج, kile kitufe cha mabano ya mraba kinachofuata P, andika U+0686. Kwenye ف, yaani T, andika U+06A4. Kwenye غ, yaani Y, andika U+06A0. Kwenye ك, kile kinachofuata L, andika U+06AF. Sasa huna cha kukariri: ukitaka p shika Alt ya kulia ubonyeze ب, ukitaka v shika Alt ya kulia ubonyeze ف. Kila herufi ya Kiswahili imekaa mgongoni mwa ndugu yake wa Kiarabu, na ndivyo wazee walivyozisoma siku zote.

Nenda Project, kisha Properties, uipe jina utakalolitambua. Halafu Build DLL and Setup Package, ufungue folda itakayotokea na uingize programu kama unavyoingiza nyengine yoyote. Faili la asili, lile lenye mkia wa klc, lihifadhi na umpe kila maalim mwenzako anayelitaka. Mkikubaliana mpangilio mmoja pale Wete, vijana wenu watarithi kitu.

Hebu tuandike neno moja ili uone inavyokwenda. Neno "vita". Alt ya kulia na T: ڤ. Shift na A: kasra. D: yaa. J: taa. Shift na Q: fat-ha. Umepata ڤِيتَ.

Lakini je, babu aliandika ڤ? Hapa naomba nisimame kidogo, ingawa umeniuliza habari za vitufe tu. Katika maandiko mengi ya zamani ya pwani, p iliandikwa kwa ب, v kwa ف, na غ ilibeba g, gh na ng zote. Irabu e iliandikwa kwa kasra kama i, na o kwa dhumma kama u. Msomaji alijua lugha, basi alijua pa kusoma "vita" na pa kusoma "fita". Kama daftari lina فِيتَ, andika فِيتَ. Wewe unanakili, hurekebishi. Ukiweka nukta tatu pale ambapo mzee aliweka moja, umeshamfanyia tafsiri, na atakayekuja baada yako hatajua lipi lake na lipi lako. Kuna mahali "bata" yake itakuwa "pata", na kuna mahali wewe na mjomba wako mtabishana. Acha ubishi huo ubaki hai kwenye karatasi.

Kwa hivyo fanya nakala mbili. Ya kwanza iwe kama alivyoandika, nukta kwa nukta, na makosa yake yakiwemo. Kwa nakala hiyo Arabic 101 peke yake huenda ikatosha karibu yote. Ya pili, ya kusomeshea vijana, ndiyo utie پ, ڤ, چ na ڠ. Ukitaka katika nakala hiyo kutenga e na i, o na u, zipo alama mbili zinazofaa: alifu ndogo ya chini, namba 0656, kwa e, na dhumma iliyopinduliwa, namba 0657, kwa o. Zitie kwenye ule mpangilio wako, Alt ya kulia na A, Alt ya kulia na E. Na mwanzoni mwa nakala eleza kwa mistari michache umetumia alama gani kwa sauti gani.

Piga na picha za kurasa zote kabla hujaandika neno. Karatasi inayomong'onyoka haisubiri mtu ajifunze kibodi.

Tuje kwenye kuprinti. Vijisanduku nimekwisha vieleza: herufi ipo, fonti haina umbo lake. Fonti nyingi nzuri za mapambo zimechorwa kwa Kiarabu peke yake, hivyo ب inatoka vizuri na ڠ inatoka kisanduku. Tumia Scheherazade New, inayotolewa bure na SIL, ambayo imechorwa kwa makusudi ili itosheleze lugha zote zinazotumia khati hii, au Amiri, nayo ya bure, iliyofuata herufi za matbaa ya Bulaq ya Cairo. Mimi kwa tenzi zenye irabu napendelea Scheherazade; irabu zake hazigongani na nukta. Ukubwa wa 18 au 20, chini ya hapo wazee hawasomi.

Herufi kutoshikana ni ugonjwa mwengine kabisa, na ni wa zamani. Zama za kuchapa kwa herufi za madini ya risasi, kama kwenye mtambo wa kuchapia alioleta Sultan Barghash hapa Unguja, kila herufi ilikuwa na vipande vyake vya mwanzo, vya kati na vya mwisho, na mpangaji akichagua kwa mkono. Kompyuta za mwanzo ziliiga hivyo hivyo, zikavipa namba mbali mbali vipande hivyo vya mwanzo, vya kati na vya mwisho, na namba hizo bado zimo ndani ya Unicode mpaka leo, kwa ajili ya mafaili ya zamani. Siku hizi mambo hayaendi hivyo: unaandika herufi moja yenye namba moja, na programu inatazama jirani zake na kuiunganisha wakati wa kuchora. Word inajua kufanya hivyo. Programu za kusanifia mabango na kadi za harusi, ambazo maduka mengi huzitumia, mara nyingi hazijui mpaka ziwashiwe sehemu ya lugha za Mashariki ya Kati. Kijana wa duka anakopia beti zako kutoka Word, anazibandika kule, zinatoka ا ل س ل ا م na zimegeuka kutoka kushoto. Wewe unadhani umekosea kuandika, kumbe faili lako ni zima.

Na ole wako ukutane na zile kurasa za intaneti zinazodai "kurekebisha" Kiarabu kilichokatika. Nyingi zinachofanya ni kubadilisha herufi zako kuwa zile namba za vipande na kuzigeuza mpangilio ili zionekane sawa. Zinaonekana sawa, ndiyo. Lakini maandishi hayo hayatafutiki wala hayasahihishiki tena. Kwa nakala ya daftari usiziguse.

Dawa ni PDF. Ndani ya Word, nenda Save As, chagua PDF, na fonti itasafiri ndani ya faili. Ifungue mwenyewe kwenye simu kwanza. Ikiwa sawa huko, itakuwa sawa kokote. Peleka hiyo kwenye flashi, na umwambie kijana aprinti kama ilivyo, asikopi, asifungue kwa programu nyengine. Akikwambia lazima apewe Word, nenda duka la pili.

Nukta ya mwisho wa sentensi inayorukia upande usio wake, na mabano yanayogeuka, hukuuliza lakini utayakuta. Sababu yake ni kwamba aya bado inahesabiwa kuwa ya kushoto kwenda kulia. Shika Ctrl na Shift za mkono wa kulia kwa pamoja, aya yote itageuka ianzie kulia, na nukta itarudi kwao. Za mkono wa kushoto zinairudisha. Fanya hivyo kabla ya kuanza kuandika. Kwa ubeti wa vipande vinne, usijaze spesi ili vilingane. Weka jedwali lisilo na mistari, safu mbili, uligeuze nalo lianzie kulia, kila kipande kiwe na chumba chake. Ukibadilisha ukubwa wa fonti baadaye vipande havitahama.

Na kama mna karatasi za masomo zenye aya za Kurani, usiziandike kwa mkono hata ukiwa hodari. Mradi wa Tanzil unatoa matini ya Kurani kwa Unicode iliyohakikiwa. Nakili kutoka huko, kisha ulinganishe na msahafu. Ile ﷺ nzima ni herufi moja, FDFA, na bismillahi iliyoungana, ﷽, ni FDFD. Alt na X inazitoa zote mbili.

Ama binti yako, kazi yake ni nyepesi. Kibodi ikiwa na namba za upande wa kulia, ashike Alt aandike 0232 kwa è, 0233 kwa é, 0224 kwa à, 0242 kwa ò, 0249 kwa ù, kisha aachie. Namba za safu ya juu hazifanyi kazi hiyo, na ndiyo maana kwenye laptopu ndogo watu huona njia hii ni uongo. Akikosa namba za pembeni, aongeze mpangilio unaoitwa United States-International: atabonyeza ile alama ndogo ya kushoto ya 1, kisha e, apate è, au alama ya mkato wa juu, ile ya ng', kisha e, apate é. Ila asiufanye mpangilio huo kuwa wa kila siku, abadilishe anapoandika jina la mgeni tu na arudi. Maana humo alama ya ng' inasubiri irabu ya kuirukia, na akiandika ng'ombe itatoka ngómbe. Ikimlazimu kuandika Kiswahili humo, abonyeze alama, spesi, ndipo o.